Nyumba Inauzwa, Mzee Hauzwi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Hamugembe, Bukoba.

Nimenunua daftari. Kuongea na watu siwezi, ulimi unaganda, ila nikishika kalamu maneno yanakuja yenyewe. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo mwalimu yeyote asije akasoma humu.

Leo nimekuwa dalali! Ma Theopista kanipa kazi yeye mwenyewe. Anauza nyumba. Goti limegoma, vidaraja viwili vya mlangoni anavipanda kama mlima, na binti yake Vestina anamwita wakaishi wote Muleba. Lori linakuja Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 21.

Nyumba ni ya pili kati ya nyumba nne zilizoshikana, ukuta kwa ukuta, paa moja. Alizijenga marehemu mume wake, Ta Rugemalira, fundi mwashi, kwa mikono yake, kwenye kibanja chake. Vyumba vitatu, sebule, jiko. Na chumba cha uani ambacho nalala mimi, bure, mwaka wa nne huu. Nilifika hapa kutoka Izimbya na kiroba kimoja na kikohozi. Ma akanipa chai ya tangawizi, akanipa chumba, hakuniuliza nitaondoka lini. Mpaka leo hajauliza. Nashukuru sana. Hata kikohozi nakishukuru.

Sifa za nyumba: lami dakika mbili. Sokoni unatembea huku unaongea na simu, kabla hujamaliza umefika. Ndege ikishuka uwanjani unayaona mpaka matairi.

Tatizo moja tu. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, yupo Ta Rugemalira. Kaburi la saruji, pana, limesakafiwa likang'aa. Msalaba wa mbao ulishaoza, limebaki jina, limechorwa juu kwenye saruji. Ukoo umekubali nyumba iuzwe. Lakini Ma kasema mara moja na hatarudia: nyumba anaiuza, mzee hamuuzi. Asipopata mtu wa kumwachia, lori litarudi tupu na yeye atabaki na goti lake.

Nimemjibu kwamba mtu huyo nitampata. Nilijibu kimoyomoyo, lakini nadhani alisikia.

Jumanne, 10 Juni

Nimeandika kibao, nikakisimamisha barabarani. NYUMBA INAUZWA. IPO KARIBU NA KILA KITU.

Saa nne nimekuta mtu kaongeza kwa mkaa: NA MAREHEMU.

Mwandiko naujua. Ni Kaijage wa nyumba ya tatu. Ana pikipiki, ana miwani ya jua anayoivaa hata mvua ikinyesha, anajiita dalali mkuu wa Hamugembe. Ukuta wetu ni mmoja. Nikikohoa usiku ananiambia pole.

Ila mkaa wake ulisaidia. Watu walisimama kucheka, na mmoja wa waliocheka akaingia ndani. Anaitwa Alexander. Tai nyekundu, viatu vina ncha. Kapenda sebule. Kapenda tanki la maji. Kaenda nyuma. Mimi kuongea siwezi lakini kuangalia naweza, nikayafuata macho yake. Yalitua kwenye kaburi yakakaa hapo hapo.

Akamuuliza Ma, kwa upole kabisa, kumfukua na kumhamisha kutachukua siku ngapi. Ma naye kwa upole akamuuliza viatu vile kavinunua wapi. Akasema Mwanza. Ma akasema basi vimrudishe huko huko. Mlango ukafungwa!

Nimefikiri mpaka chai imepoa. Tatizo nimeligundua. Tatizo ni kwamba kaburi linaonekana.

Namshukuru bwana Alexander. Bila yeye nisingejua.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango wa mashuka. Nimefua mashuka yote ya nyumba, hata yaliyokuwa safi, nikafunga kamba mbele ya kaburi, nikaanika. Ukuta wa mashuka! Ma kanisifu kwa usafi. Nikaona aibu, nikafua na mapazia.

Wateja wamefika saa tisa, mwalimu na mke wake. Upepo wa ziwani nao umefika saa tisa. Mashuka yakapanda juu yote kwa mpigo, na nyuma yake Ta Rugemalira huyo, mbele ya wageni, kama ndiye aliyewaalika.

Mke akapiga kelele. Mwalimu akasema yeye hana shida na watu waliokufa, shida yake ni watu waliokufa kufichwa. Akaniuliza kwa nini nimemficha. Nikaangalia viatu vyangu. Havikunisaidia.

Walipoondoka ukuta ukaanza kucheka. Kaijage alikuwa anatazama dirishani mwake muda wote. Akaniitia huko huko ndani: “Byabato! Kasinge waitu, hongera! Umemfungulia mzee pazia kama bwana harusi!”

Ma hakucheka. Alikaa mlangoni anasugua goti. Akasema siku tisa zimebaki. Akasema kama ni kubaki atabaki, mbona wengine wanabaki. Lakini alipoinuka nilimwona ameshika ukuta kwa mikono miwili, na ndani alikuwa anaelekea hatua tatu tu.

Lazima nimpate mtu. Nguo hazifai. Kinatakiwa kitu kizito.

Mashuka yamekauka vizuri. Nashukuru upepo.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimepata akili mbili kwa siku moja! Sijui zilitoka wapi.

Akili ya kwanza: kahawa. Huu ni msimu, kila penye saruji watu wameanika. Nimempigia shangazi Izimbya, nimemwambia jua la mjini ni kali kuliko la kwao. Kaamini, kanitumia gunia kwa basi la asubuhi. Ma yupo kwenye semina ya akina mama kanisani siku tatu, anatoka asubuhi anarudi jioni. Gunia lilipofika Ma keshatoka, nikamwaga kahawa juu ya kaburi, nikaitandaza vizuri mpaka kwenye kona. Jina likapotea. Ikabaki sakafu safi ya kuanikia kahawa. Hata mimi nilisahau kidogo, nikataka kukanyaga.

Akili ya pili: kumwondoa Kaijage. Nilisogea kwenye ukuta, nikashika simu iliyozimwa, nikaongea kwa sauti kubwa. Nikasema haya mzee, nimekuelewa, unataka nyumba Hamugembe, nitakukuta bandarini Kemondo saa nane. Sijawahi kuongea kwa sauti hivyo maishani. Koo liliuma.

Dakika moja haikupita. Pikipiki ya Kaijage hiyo!

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kemondo hakuna mtu yeyote ananisubiri. Amepoteza petroli, amepoteza mchana mzima!

Saa tisa na nusu pikipiki imerudi. Nyuma amekaa mama.

Mawe! Mama yangu!

Kumbe alifika bandarini akaanza kuuliza kila anayekutana naye, ni wewe unayetaka nyumba Hamugembe? Wa saba akasema ndiyo, ni mimi.

Anaitwa Sumaiya. Anauza dagaa na samaki wa kukaanga sokoni Bukoba, amechoka kuamkia barabarani kila siku kutoka Kemondo. Anaongea kwa niaba yake na kwa niaba yangu. Kafungua bomba, kafunga bomba. Kahesabu madirisha. Kagonga ukuta wa Kaijage, kasema huu ukuta mwembamba, jirani akipika nitajua chumvi. Halafu akatoka nyuma.

Akaona kahawa. Akapiga makofi.

“Sakafu! Jamani, sakafu tayari! Hapa dagaa wangu wanakauka kabla sijamaliza chai!” Akaipapasa pembeni kwa kiganja. Akanigeukia. “Eti kaka, dagaa panafaa?”

Nikafungua mdomo. Ukatoka upepo. Nikataka kutikisa kichwa cha hapana, kikatikisika cha ndiyo.

Kaijage, ambaye anajua kabisa aliyelala pale, akarekebisha miwani yake. Akasema panafaa sana dada, hapajawahi kulalamika.

Kesho anakuja na dagaa wa majaribio. Akiridhika na jua, ataonana na mwenye nyumba.

Nimekusanya kahawa yote kabla Ma hajarudi. Kaniletea chapati ya semina, ameifunga kwenye leso. Nimekula nimeangalia ukuta. Nashukuru kwa chapati.

Jumamosi, 14 Juni

Nimewahi. Ma alipotoka nikatandika chandarua kukuukuu juu ya kaburi, ili jina lisionekane. Sumaiya kafika saa tatu, mabeseni mawili. Kanisifu: “Ona kijana alivyo na akili, hadi chandarua!” Kamwaga dagaa, kawatandaza. Paka wote wa Hamugembe wakafika kwenye mkutano. Mimi na Kaijage tukasimama pamoja kuwafukuza. Mara ya kwanza tuko upande mmoja.

Saa tano, mlango wa jikoni ukafunguka.

Mwalimu wa semina anaumwa. Akina mama wamerudishwa nyumbani.

Ma alisimama pale. Niliuona uso wake. Sitaandika ulivyokuwa.

Akauliza, taratibu tu: “Nani amemwagia mume wangu dagaa?”

Sumaiya akacheka. Halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Akashika kona ya chandarua, akavuta. Dagaa wakamwagika kwenye migomba, paka wakapata sikukuu, na jina likatokea lote. RUGEMALIRA.

Akafunika mdomo. Akamtafuta Kaijage. Kaijage hayupo! Pikipiki tunaisikia inaingia lami. Basi akanigeukia mimi.

“Kijana! Siku nyingine ukiona naanika dagaa juu ya mtu, niambie! Huna mdomo? Basi hata kwa kidole!”

Nilijua ataondoka. Alexander angeondoka. Mwalimu na mke wake waliondoka.

Sumaiya aliomba maji na sabuni.

Akafunga kitenge, akapiga magoti, akaanza kuosha. Anaosha huku anaongea na marehemu. Tusamehe waitu Ta, mzee wetu, hatukujua, aliyekuwa anajua ni huyu hapa amesimama ananitazama. Nikakimbia nikaleta ndoo ya pili. Nikaleta ya tatu. Nikapiga magoti na mimi, tukaosha wote. Aliosha herufi moja moja kwa kidole. Aliosha mpaka kona za chini ambazo dagaa hawakufika. Alipomaliza akavua kitambaa cha kichwani, akakaushia.

Ma alikuwa amekaa kwenye kigoda muda wote. Akamuuliza, kule chini kwa nini ameosha na hakukuwa na dagaa?

Sumaiya akakaa kwenye majani. Akasema baba yake amezikwa Kemondo, nyuma ya nyumba. Kaka zake wakauza. Aliyenunua akajenga banda la kuku pale pale juu. Akienda kumsalimia baba anasimama nje ya ua. Anasema, baba, nimekuja. Wanaoitikia ni kuku.

Alisema hivyo bila kulia. Aliyelia ni mimi.

Ma akainuka. Nikataka kumshika mkono, akanikatalia. Akaingia ndani, akarudi na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayomtolea mgeni wa heshima. Sumaiya akachukua punje mbili, akatafuna. Mimi sikupewa. Ni sawa kabisa.

Ma akauliza kama akitaka kuja kumsalimia mzee itakuwaje. Sumaiya akasema aje hata bila kupiga simu, kitanda kitakuwepo. Ma akauliza, na dagaa? Sumaiya akasema dagaa watakaa kwenye mabati mbele ya nyumba, huku nyuma atapanda maua. Ma akasema maua hapana, mzee alikuwa mtu wa maharage. Basi yakakubaliwa maharage.

Nyumba imeuzwa! Kwa kahawa na sabuni!

Nikasubiri zamu yangu. Nilishaanza kufikiria kiroba changu kiko wapi. Ma akaniuliza kitu kimoja tu, lile gunia la kahawa chumbani kwangu ni la nani. Nikasema. Nikasema na mashuka. Nikasema na simu iliyozimwa. Nilisema yote kwa mdomo wangu, wa kwangu mimi. Halafu akaniletea sahani ya ndizi na maharage, akasema nile, nisije nikazimia akakosa mtu wa kumfungia mizigo.

Akasema mzee alikuwa anapenda dagaa. Ila wa kukaanga.

Mungu, asante. Asante kwa Ma. Asante kwa mama wa dagaa. Asante hata kwa aliyeugua semina ikavunjika, na apone.

Jumanne, 17 Juni

Karatasi zimeandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Wazee wa ukoo wamekuja, wamesaini, na imeandikwa kabisa kwamba kaburi halitaguswa na njia ya kwenda kwenye kaburi haitazibwa. Sumaiya kazisoma mara mbili kwa sauti. Kasema laiti wangemwandikia hivi na baba yake.

Kuhusu mimi, kaniambia chumba cha uani ni changu, kwa masharti mawili. Nisaidie kubeba mabeseni asubuhi. Na nikiulizwa jambo nijibu. Nikajibu: sawa. Akasema umeona, haikuuma!

Kaijage amejitokeza. Kapaka mafuta pikipiki, kaja kudai kwamba mteja kamleta yeye, hivyo hela ya udalali ni yake. Kumjibu nikashindwa. Nikachana karatasi, nikaandika: nani alikutuma Kemondo? Akasoma. Akasoma tena. Akavua miwani, mara ya kwanza namwona bila miwani. Ana macho madogo, ya upole, kama ya mtoto aliyetoka kulala. Akaniuliza siku ile nilikuwa naongea na nani kwenye simu. Nikamwambia, na ukuta.

Tumegawana nusu kwa nusu. Amecheka mpaka akakohoa. Nikamwambia pole.

Jumamosi, 21 Juni

Lori limekuja asubuhi. Tumepakia kitanda, kabati, masufuria, mbuzi mmoja anayepiga teke. Kaijage kabeba kabati peke yake, kakataa hata maji.

Ma alienda nyuma kuaga. Alienda peke yake. Nilikaa mbele kumshika mbuzi, sikusikia alichosema na sikutaka kusikia. Aliporudi mikono ilikuwa na udongo, kumbe alipanda maharage yeye mwenyewe, na goti lile! Sumaiya akamnawisha. Wakashikana mikono muda mrefu, kila mmoja anasema asante, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Nimepanda juu ya mizigo nikashushe Muleba. Njia nzima nilikuwa nafikiria chai ile ya tangawizi ya mwaka wa kwanza. Kuna watu wanakupa kitu halafu wanakikumbusha. Ma hajawahi kunikumbusha.

Jioni, kitanda kimeshafungwa, kaniita. Kasema ana neno moja. Kasema: “Byabato mwanangu, usifiche kitu tena. Kilichopo, sema kipo. Ungemwambia yule mama tangu mwanzo, angeosha tangu mwanzo.”

Nikamwahidi. Kwa sauti. Vestina, binti yake, ni shahidi, na alisikia akiwa jikoni.

Leo ni siku ambayo nimekuwa mtu mwingine. Nashukuru.

Jumapili, 22 Juni. Muleba.

Nilikuwa niondoke leo. Siondoki!

Vestina kamwambia jirani yake, Ta Ndyamukama, kwamba mimi ni dalali na nimeuza nyumba Bukoba ndani ya siku tano. Mzee kaja mbio na fimbo yake. Anauza nyumba. Nyumba nzuri! Lami inaonekana, zahanati unaita nesi anaitika. Kanishika mkono kwa mikono miwili, kanipa kazi hapo hapo. Nilimshukuru kwa mdomo.

Sebuleni kuna ufa. Umeanzia sakafuni umefika dirishani. Nimeingiza mkono, umeingia. Nimeingiza kiwiko, kimeingia. Kuku wa upande wa pili kanidonoa.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu kuhusu neno la Ma. Ni neno zuri na nitalikumbuka maisha yangu yote. Lakini nimefikiri pia hivi. Nisingemwaga kahawa, Sumaiya asingeona sakafu. Asingeona sakafu, asingeleta dagaa. Asingeleta dagaa, asingeosha. Asingeosha, Ma asingemjua. Sasa aliyeuza nyumba ni nani?

Nimeenda dukani kununua kalenda. Nusu mwaka umeshapita, wanaziuza kwa bei ya bure, tena wananishukuru. Moja haikutosha. Nimebandika tatu, kuanzia sakafuni mpaka dirishani. Sebule imependeza, utadhani ofisi.

Na ahadi yangu nimeishika, sijaficha kitu. Mteja wa kwanza anakuja kesho saa nne. Akiniuliza nyuma ya kalenda kuna nini, sitaangalia viatu. Nitamtazama usoni, nitamwambia ukweli kwa sauti.

Ukuta.